Nguvu ya dizeli ya zamani iko kwenye hewa, usikimbilie kufungua pampu

Huku Kigoma ukimwambia mtu gari yako haivuti, jibu la kwanza utakalopewa ni "kafungue pampu", yani pampu ya dizeli iongezwe mafuta. Iwe Fuso, iwe Isuzu, iwe Nissan Diesel, iwe imepita mikononi mwa watu wangapi, jibu ni hilohilo. Fundi anakata ile waya yenye sili, anazungusha skrubu ya mafuta nusu raundi, anakaza nati, anakwambia kajaribu. Na kweli ukijaribu gari inavuta, siku hiyo kila mtu anafurahi, ukitoka Mwandiga ukaanza kupanda kuelekea Manyovu moshi unatoka mweusi mpaka bodaboda aliye nyuma anaamua kusimama pembeni asubiri upite, na dereva anajisifu chuma kimeamka.

Mi nimekaa na haya magari muda wa kutosha kusema bila kumung'unya maneno kwamba hiyo njia inaua injini, na inaua injini nzuri ambazo hazitengenezwi tena. Nguvu ya dizeli inaanzia kwenye hewa, mafuta yanakuja kuifuata. Ukianza na mafuta kabla ya hewa utapata nguvu ya miezi kadhaa alafu utanunua pistoni.

Naongelea injini za kimekanika, zile ambazo hazina kompyuta hata moja. Kwa hapa kwetu nyingi ni Mitsubishi Fuso za familia ya 6D, kuna 6D14 yenye cc 6,557, kuna 6D15 ya 6,919 na 6D16 ya 7,545, na hizi tatu stroki yake, yani mwendo wa pistoni, ni ileile ya milimita 115, kinachobadilika ni upana wa silinda tu, 110, 113 na 118. Kuna Isuzu 6BD1 ya cc 5,785 na mdogo wake 6BG1 ya 6,494, kuna Nissan Diesel FE6, na kwenye semi kuna Scania 113 na injini yake ya lita 11 ambayo madereva wa zamani wakianza kuisimulia hamtalala. Zote hizi pampu inaendeshwa na gia kutoka mbele ya injini, nozo zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda zinafunguka kwa presha ya mafuta yenyewe, basi, ndo imeisha. Ukiharibikiwa katikati ya Uvinza na Malagarasi ukiwa na spana na akili unafika nyumbani. Ndo maana watu hawataki kuziachia hata kama gari mpya zina nguvu mara mbili, na mi nawaelewa kabisa.

Sasa hiyo pampu yenyewe tuielewe kwanza maana ndo inaonewa kila siku. Bosch walianza kutengeneza pampu za aina hii kwa wingi mwaka 1927, miaka 30 baada ya Rudolf Diesel kupata injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa kule Augsburg, Ujerumani, 1897. Zilizoko kwenye Fuso na Isuzu zetu, ukifuta grisi kwenye kibati mara nyingi utakuta imeandikwa Diesel Kiki au Zexel, hao ni Wajapani waliokuwa wakitengeneza kwa leseni ya Bosch, na ni kampuni ileile, Diesel Kiki ilibadili jina ikawa Zexel 1990. Ndani kuna plunja sita, moja kwa kila silinda, zimepangwa mstari mmoja juu ya kamshafti ya pampu. Kila plunja ina mkato wa mshazari ubavuni. Plunja inapanda na kushuka umbali uleule siku zote, ukiwa sailensa, yani injini inaunguruma bila kukanyagwa, au ukiwa umekanyaga mpaka chini haibadiliki, kinachobadilika ni kwamba kuna chuma kirefu kinaitwa reki ambacho kimeshikana na plunja zote, ukikanyaga mafuta reki inasogea, plunja zinajizungusha kidogo, ule mkato wa mshazari unachelewa kufungua tundu la kurudisha, kwaiyo mafuta mengi zaidi yanasukumwa kwenda kwenye nozo. Ukiachia mguu reki inarudi. Nyuma kuna gavana inayozuia injini isipite mizunguko yake ya juu. Ni kazi safi sana, usahihi wa plunja na kava yake unapimwa kwa sehemu za elfu za milimita, na ndo maana uchafu mdogo tu au maji vinaimaliza.

Angalia hapo vizuri. Kwenye injini isiyo na tabo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, hamna mahali popote ambapo hiyo pampu inauliza kuna hewa kiasi gani. Skrubu anayozungusha fundi inachofanya ni kuruhusu reki isogee mbali zaidi, yani mafuta zaidi kwa kila pigo, hata kama filta ya hewa imeziba, hata kama uko mlimani, hata kama ringi zimekwisha. Pampu inamwaga tu.

Na hewa inayotakiwa ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Kilo moja ya dizeli inahitaji kilo 14.5 hivi za hewa ili iungue yote, hiyo ni kwa hesabu ya kemia, lakini kwenye silinda mafuta na hewa havichanganyiki vizuri hivyo, injini za zamani zikishuka chini ya kilo 20 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, au 18 kwa zile nzuri, moshi unaanza. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Ukipiga hesabu kwa hewa ya huku kwetu, lita moja ya dizeli inataka karibu lita 15,000 za hewa iungue bila moshi. Lita elfu kumi na tano! Na 6D14 ikizunguka 2,500 kwa dakika inavuta kama lita 7,000 za hewa kila dakika, zote zinapita kwenye filta moja ambayo kuna watu wanaipiga piga kwenye tairi vumbi litoke wanairudisha.

Alafu kuna mwinuko. Ziwa Tanganyika lenyewe liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwaiyo hata ukiwa Kibirizi pale ufukweni hewa yako ni nyepesi kwa asilimia 7 hivi kuliko ya Dar. Ukipanda ukafika kwenye mita 1,300 kule juu upande wa Kasulu na Buhigwe imepungua kwa asilimia 12. Ndugu zangu wa Tabora nao wako kwenye mita 1,200 hivi, ni kwamba tu kwao ni tambarare hawaioni sana. Gari iliyopimwa nguvu zake kiwandani Japani haina zile farasi ikiwa Kasulu, na hiyo sio kosa la pampu. Sasa ukiongeza mafuta ukiwa ziwani mpaka moshi uanze kuonekana kidogo, ukifika juu umeshapita mpaka.

Kinachotokea mafuta yakizidi hewa ni kwamba yanaungua kwa kuchelewa, pistoni imeshaanza kushuka moto bado upo, joto la eksozi linapanda, na yale yasiyoungua yanaosha kuta za silinda yanashuka kwenye oili. Aluminiamu safi inayeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni inaishi humo ndani kwa sababu moto mkali unakaa muda mfupi sana alafu inapoa kwa hewa mpya na kwa oili ya chini. Ukifanya moto ukae muda mrefu kila mzunguko, na mlima wenyewe unachukua dakika ishirini, pistoni inaanza kula kingo za juu. Kuna gari ya jirani yetu pale Gungu ilifunguliwa pampu mara mbili na mafundi wawili tofauti, ilipokuja kushushwa hedi pistoni ya tano ilikuwa na shimo unaloweza kuingiza kidole gumba. Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda anaangalia tu. Tulimsaidia kuifunga, nyumba nzima ilikuwa inategemea ile gari.

Mjomba wangu ana Fuso yenye 6D14, inabeba maharage na mahindi kutoka Kasulu, ikikosa inakwenda Uvinza kuchukua chumvi. Alinipa niisimamie, akaniambia, "Mjomba, hii gari zamani ilikuwa inapanda na gia ya tatu, sasa hivi inataka ya pili, kaifungue pampu." Nikamwambia mjomba naomba uniachie niende nayo kwa yule mzee wa dizeli, akikataa kuifungua nikuletee majibu yake. Mzee ni wa siku nyingi, alianza na Leyland na Fiat, siku hizi macho yamepungua lakini masikio yako vilevile. Aliisikiliza sailensa, akaomba niivutie mafuta mara mbili, akasema:

"Mwanangu, hii haina njaa ya mafuta. Hii inakosa pumzi."

Tulianza na filta, ilikuwa nyeusi, na mpira unaotoka kwenye filta kwenda manifoldi ulikuwa laini kwa kuzeeka, ukivuta mafuta unajikunja kwa ndani unajiziba wenyewe, ukiachia unarudi, kwaiyo gari ikiwa imesimama huwezi kuona. Hilo peke yake naamini magari mengi huku yanatembea nalo na hakuna anayejua. Mpira mgumu wenye waya ndani, filta mpya, na bomba la kuvutia hewa tulilipandisha juu nyuma ya kabini linyonye hewa ya baridi isiyo na vumbi la matairi. Eksozi nayo, silensa ya bomba la moshi ilikuwa imeziba masizi, ikakatwa ikasafishwa. Valvu zikapimwa na fila geji injini ikiwa baridi, mbili zilikuwa zimekaza.

Alafu kompresheni, yani presha ya silinda inapobana hewa. Hapa ndo pa kuamulia kila kitu na ndo pa watu kuruka. Injini nzima za aina hii nyingi zinatoa bar 25 mpaka 30 kwa stata, zikiwa zinakaribia 20 au silinda moja imeachana sana na wenzake basi maongezi ya nguvu yaishie hapo, kwanza ringi au ovahoo, hamna pampu wala tabo litakalokusaidia, presha ikikosekana dizeli haiwaki kwa wakati. Ya mjomba ilikuwa sawa, sio mpya lakini zote sita zinafanana.

Nozo ndo zilikuwa na kisa. Nozo kazi yake ni kufunguka ghafla kwenye presha iliyowekwa, kwa injini nyingi za zamani ni kati ya bar 180 na 250, na kumwaga ukungu. Mzee aliziweka moja moja kwenye kipampu cha mkono chenye geji akaanza kupiga. Nne zilipiga ukungu mzuri na ile sauti yake ya kuguna. Moja ilikuwa inafunguka mapema presha iko chini kabisa, na nyingine ilikuwa inakojoa, yani mstari mmoja wa mafuta moja kwa moja, na hata baada ya kufunga linabaki tone. Tone hilo ndo moshi wenu jamani, na mstari huo ukipiga juu ya pistoni sehemu moja kila mara unatoboa, na fundi akiongeza mafuta kwenye pampu anaongeza kwenye huo mstari pia. Tukabadilisha vichwa vyote sita, shimu zikapangwa zote zifunguke presha moja. Mzee anasema ukibadilisha mbili ukaacha nne umenunua ugomvi.

Pampu tuliishusha, lakini haikufunguliwa na skrubu pale gereji, ilipanda basi kwenda Mwanza kwenye benchi. Benchi inaizungusha pampu kwa mota na kupima kila plunja inatoa cc ngapi kwa mapigo 1,000. Hapo ndo unajua kama silinda ya tatu inapewa mafuta mengi na ya sita inakufa njaa. Zikapangwa sawa, kwa kiwango cha kiwandani, mafuta hayakuongezwa hata kidogo. Iliporudi tuliifunga tukatafuta taimingi kwa njia ya zamani, unafungua bomba la silinda ya kwanza, unazungusha injini taratibu kwa mkono unaangalia ule mwendo wa dizeli kwenye kibomba mpaka tone la mwisho linaacha kudondoka, hapo ndo plunja imefunga, unasoma alama ya puli. Ilikuwa imechelewa. Taimingi ikichelewa gari inakuwa nzito na eksozi inachemka, ikiwahishwa sana inapata nguvu kweli na inagonga, presha ya juu inapanda, gasketi ya hedi inakuja kukulipisha. Sisi tuliiweka kwenye namba yake.

Gari ikapanda na gia ya tatu. Mjomba aliuliza imeongezwa mafuta kiasi gani, nikamwambia hakuna, akanyamaza muda, akasema "kumbe ilikuwa inaumwa". Ndio mjomba. Nyingi zinaumwa.

Kitu kingine nitapita haraka, mafuta yenyewe. Zamani uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili ile faida iishe. Mafuta ya taa hayalainishi, na plunja na nozo zinalainishwa na dizeli hiyohiyo. Bado kuna watu wananunua kwenye madumu barabarani kwa sababu ni rahisi. Usifanye hivyo kwa pampu uliyotoka kuipanga, na maji kwenye separeta myamwage kila asubuhi.

Sasa tabo, maana ndo mnaloulizia wengi. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, alipata hataza yake ya kutumia moshi wa eksozi kuzungusha feni ya kusukuma hewa mwaka 1905, kwaiyo sio kitu kipya. Scania waliweka tabo kwenye injini zao za lori mwaka 1961. Uzuri wake kwetu huku milimani ni mkubwa kuliko kwa mtu wa pwani, kwa sababu linarudisha ile hewa ambayo mwinuko umeichukua. Nimepiga hesabu ya tabo la kawaida linalosukuma bar 0.5 kwenye hewa ya Kigoma: hewa inabanwa mara moja na nusu na kidogo, lakini kubanwa kunaichemsha, inatoka kwenye tabo ikiwa nyuzi 80 na kitu, kwaiyo uzito wa hewa unaoingia unaongezeka kama asilimia 30. Ukiweka intakula ikaipoza mpaka nyuzi 50, inakuwa asilimia 44. Unaona tofauti? Tabo lilelile, presha ileile, hewa tu imepoa. Na hewa ikiingia imepoa hata joto la eksozi linashuka. Mtu akiniambia ana hela ya tabo kubwa au tabo dogo na intakula, namwambia tabo dogo na intakula, bila kufikiria.

Lakini injini iliyozaliwa bila tabo ina mambo yake. Pistoni za injini ya tabo mara nyingi zina vibomba vya oili chini vinavyozirushia oili kuzipoza, na kompresheni yake imepunguzwa kidogo, zile za kawaida hazina hivyo. Kwaiyo ukifunga tabo kwenye 6D14 ya kawaida baki kwenye bar 0.5 huko, usiende kwenye bar 1 eti kwa sababu tabo linaweza. Bomba la oili la kwenda kwenye tabo liwe zima, hilo dude linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na linashikiliwa na oili tu, ukizima injini ghafla ukitoka mlimani oili inakwama mule ndani inaungua. Acha injini iungurume sailensa dakika mbili tatu. Pampu nayo, zile za tabo zina kidude chenye daiframu kinachopokea presha ya manifoldi, kinazuia reki isisogee mpaka hewa ifike. Ndo kitu pekee kinachofanya pampu iijue hewa. Mafundi wengine wakikikuta wanakifunga kisifanye kazi ili gari "iwahi", na ndo hizo gari ukibadilisha gia zinatoa wingu. Kama unafunga tabo tafuta pampu yenye hicho kidude.

Na ukitazama gharama zote hizo, bei ya tabo, intakula, bomba, pampu, mara nyingi ni afadhali utafute injini ya mtumba ya familia hiyohiyo iliyotoka kiwandani na tabo, 6D16 ya tabo kwa mfano, yenye pistoni zake na vibomba vyake vya oili. Kubadilisha injini sio aibu. MV Liemba yetu hapo bandarini ilijengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikaanza kazi kwa jina hili 1927, na ilikuwa inakwenda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipofungiwa dizeli. Bodi ileile, ikaendelea kubeba watu na dagaa.

Vijana wanaangalia video za Wamarekani na Cummins zao za lita 5.9, zile Dodge Ram za 1994 mpaka 1998 zenye pampu ya Bosch P7100. Ni injini nzuri sana, imetoka kiwandani na farasi 160 mpaka 215 na wenzetu wanaifikisha 400 na zaidi, wanaweka nozo kubwa, springi ngumu za gavana, tabo kubwa, studi za hedi badala ya bolti. Naheshimu kazi yao. Lakini hiyo gari yenyewe ina tani tatu hivi na nguvu zote wanazitumia sekunde chache, alafu mguu unaachia. Fuso yetu yenye tani 16 jumla inakanyagwa mpaka chini bila kuachia kwa dakika ishirini jua likiwa la saa nane. Kinachoua injini ni joto, na joto linataka muda. Tena hizo springi za gavana mziache kabisa, ukiongeza mizunguko kwa asilimia 10 tu mvutano kwenye konrodi unaongezeka kwa asilimia 21.

Hebu pia tujiulize nguvu tunaitakia nini. Gari ya tani 16 kwenye mlima unaopanda mita 6 kwa kila 100, ikienda kilomita 20 kwa saa, inahitaji farasi 70 za kuinua uzito tu, 12 hivi za msuguano wa matairi, na zingine zinapotea kwenye giaboksi na difu, jumla kama 95 kutoka kwenye injini. Ukitaka kilomita 30 kwa saa kwenye mlima huohuo ni kama 143. Kwaiyo 6D14 nzima inaupanda, isipokuwa taratibu. Ukiongeza farasi umenunua spidi ya kupanda, na kwa mtu anayepeleka maharage hiyo spidi ina thamani yake, siikatai, lakini uijue bei. Kama shida yako ni kung'oa mzigo na sio spidi, kuna krauni na pinioni, zile gia za ndani ya difu. Ukitoka kwenye difu ya 5.2 kwenda ya 6.2 mvuto kwenye tairi unaongezeka kwa asilimia 19 bila kugusa injini, unapoteza spidi ya tambarare tu. Na matairi pia, mtu anatoa 9.00 anafunga 10.00 za nyuma alafu analalamika gari imekuwa nzito.

Halafu hakuna anayeuliza kuhusu kushuka. Mlima ulioupanda na farasi zako mpya utaushuka, na breki zako ni zilezile za zamani. Dizeli hizi hazina kizibo cha hewa kama cha petroli, ukiachia mafuta injini haikushiki sana, ndo maana Wajapani waliweka breki ya eksozi, ile flapu inayofunga bomba. Kwenye Fuso nyingi huku imekufa, waya umekatwa au flapu imeganda wazi kwa masizi. Kabla ya tabo, kabla ya kila kitu, ifufueni. Nimeona tela limelala kwenye kona za kushukia Kigoma na sitaki kuona tena. Na nguvu iliyoongezeka haijabadilisha uzito ulioruhusiwa, lori la ekseli mbili kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 8 mbele na 10 nyuma, jumla 18, chesi na springi hazijui kama umefunga tabo.

Kwa gari ya mjomba tumekubaliana tusiende kwenye tabo sasa hivi. Tumeweka rejeta iliyozibuliwa, feni belti mpya, klachi pleti, breki ya eksozi inafanya kazi, na hela iliyobaki mjomba alitaka tununue taa za mbele nikamwomba tununue kipimajoto cha eksozi kwanza. Ni waya mmoja unaoingia kwenye manifoldi ya eksozi karibu na inapokutana mirija, kama kuna tabo unaweka kabla ya tabo, kwa sababu baada ya tabo joto limeshashuka na litakudanganya. Toboa manifoldi ikiwa imeshushwa mezani, usitoboe ikiwa kwenye injini, vipande vya chuma vikibaki mule ndani vitakwenda kula tabo siku ukilifunga. Geji inakaa mbele ya dereva. Tumempa dereva namba moja tu: sindano ikigusa nyuzi 650 mlimani na bado inapanda, shusha gia, mizunguko iongezeke, punguza mguu. Ikikaribia 700, simama. Dereva wetu mwanzoni aliiona kama ya kumchunga, sasa hivi akienda na gari nyingine isiyo nayo anapiga simu analalamika.

Kama una 6D, 6BD, 6BG au FE6 na umeshapima kompresheni, niandikie namba zako zote sita hapo chini pamoja na uko mwinuko gani, tuangalie pamoja kama inafaa kufungwa tabo au la.